Brashi Iliyowekwa Kwenye Dawa

Chumba cha mbele kilikuwa saluni mchana na sebule jioni. Kila asubuhi dada mkubwa alisukuma makochi ukutani, akafungua dirisha, akatandika taulo jeupe juu ya meza ndogo. Wateja walikuja kubandikwa kucha za akriliki. Walinyoosha mikono juu ya taulo, kisha wakaanza kuwasema mawifi zao.

Mdogo wake alikuwa anajifunza kazi hiyo. Nyumbani walimwita Kiherehere, kwa sababu alianza kutenda kabla hujamaliza kusema.

"Siku moja nitasema 'lete je', utaniletea jeneza," dada yake alimtania. "Kumbe mwenzio nataka jembe."

Juu ya meza palikuwa na chupa mbili zinazofanana. Moja ilikuwa na maji maalumu, yenye harufu kali, ya kuchanganyia unga wa akriliki. Unga ukikutana na maji hayo huwa kama udongo laini, na udongo huo ukikauka ndiyo kucha. Chupa ya pili ilikuwa na asetoni, ya kuyeyushia kucha za zamani. Lakini katika nyumba ile chupa zote mbili ziliitwa dawa. Dada akisema, "Nipe dawa," Kiherehere alitazama mikono ya mteja. Kama kucha zilikuwa za kutolewa, alimpa asetoni. Kama kopo la unga lilikuwa wazi, alimpa ile nyingine. Hawakuwahi kukosea.

Na palikuwa na brashi. Nywele zake zilikuwa za mnyama, laini, na ncha yake nyembamba kama penseli iliyochongwa vizuri. Dada alipewa brashi hiyo na Bi Kucha, mama aliyemfundisha kazi. Bi Kucha aliacha kazi macho yalipodhoofika. Siku aliyofunga saluni yake, brashi hakumpa binti yake wa kumzaa. Alimpa dada.

"Usimwazime mtu," alimwambia.

Dada hakumwazima mtu.

Siku moja, mteja alipotoka tu, mama yao aliita kutoka chumbani. Alishikwa na kizunguzungu, hata kusimama hawezi. Dada alijifunga mtandio, akamshika mama mkono ili ampeleke zahanati. Brashi ilibaki mezani, mbichi, imejaa akriliki. Mlangoni aligeuka.

"Hiyo brashi iweke kwenye dawa, isije ikakauka."

"Haya, dada."

Kiherehere alitazama meza. Akawaza: asetoni huyeyusha kucha, basi itayeyusha na akriliki hii. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Alimimina asetoni kwenye glasi, akaisimamisha brashi humo, nywele chini. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Waliporudi, mama alikuwa na nafuu. Presha ilikuwa imepanda, akapewa vidonge. Dada alimlaza, akaja chumba cha mbele. Aliiona glasi. Akainusa.

"Kiherehere."

"Abee."

"Hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ipi?"

Kiherehere alizitazama zile chupa mbili. Alikuwa ameshaanza kuelewa.

Dada aliitoa brashi. Nywele zilikuwa zimetawanyika kama ufagio uliochakaa, tena zimepinda upande mmoja kwa kusimama juu ya ncha. Akriliki iliyoyeyuka ilikuwa imepanda kwenye shingo ya brashi, pale chuma kinaposhika nywele, na sasa ilikuwa inaganda.

Hakupiga kelele. Kiherehere alitamani apige. Dada alikwenda jikoni, akachukua maji ya moto na sabuni, akaosha. Donge la akriliki halikutoka. Akalikwangua kwa kucha zake, akavuta.

"Dada, unazing'oa."

"Nyamaza."

Akavuta tena. Kisha akatazama vidole vyake. Nywele zilikuwa zimebaki mkononi. Alikaa juu ya kigoda, brashi mapajani.

"Nimezing'oa," alisema kwa sauti ndogo.

"Twende kwa Bi Kucha."

"Nikamwambie nini mimi?"

"Nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyeiua."

"Tumeiua wawili," dada alisema. Lakini aliinuka.

Bi Kucha alikaa nyuma ya duka la fundi cherehani. Aliwakaribisha, akaipokea brashi, akafumba macho. Aliipapasa kwa ncha za vidole. Aliigeuza na kuigeuza, mpaka dada akaanza kukunja pindo la mtandio wake.

"Nani kaiogesha?"

"Mimi," dada alisema.

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni na maji ya moto."

"Na kabla ya kuoga ilikunywa nini?"

"Asetoni, Bi," Kiherehere alisema. "Niliisimamisha kwenye glasi."

Bi Kucha alishusha pumzi. "Mwanangu, hizi ni nywele kama zako. Zina mafuta yake. Asetoni huyanyonya yote, zikabaki kavu, zikatawanyika. Sabuni na maji ya moto navyo huziharibu. Tena brashi haisimamishwi kwenye glasi. Ukiiweka nywele chini, ncha hupinda. Ukiiweka nywele juu kabla haijakauka, maji huteremka shingoni na gundi inaachia."

"Sasa tuifanyeje?"

"Husafishwa kwa maji yaleyale yanayochanganya unga, siyo kitu kingine. Fungua dirisha kwanza, harufu yake si nzuri kifuani. Njoo, mimi sioni. Mikono itakuwa yako."

Kiherehere alitazama dada yake. Dada alitikisa kichwa kukubali. Alitoa chupa ya maji ya unga mkobani, akamimina kidogo kwenye kikombe cha kioo.

"Tumbukiza nywele tu," Bi Kucha alisema. "Ncha isiguse chini. Maji yasifike kwenye chuma. Shikilia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka donge lilegee. Kiherehere chako kiache mlangoni."

Dada alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Wakasubiri. Donge lilipolegea, Bi Kucha alimwambia ailaze brashi juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, aizungushe taratibu kuelekea kwenye ncha.

"Usivute. Usikwangue. Likigoma, rudisha kikombeni. Na unywele uliochomoza pembeni haung'olewi, hukatwa shinani kwa mkasi mdogo. Ukiung'oa mmoja, na jirani zake hulegea."

Dada aliinamisha kichwa.

Walirudia mara kadhaa. Maji yalipochafuka, Bi Kucha aliwaambia wasiyarudishe kwenye chupa. Mwishowe donge lilitoka. Nywele zikalala pamoja tena.

"Lakini niambieni," Bi Kucha aliuliza. "Asetoni ilitoka wapi?"

Kiherehere alisita. "Niliambiwa niiweke kwenye dawa."

"Dawa," Bi Kucha alirudia. Alimgeukia dada. "Neno hilo umelitoa kwangu."

"Bi, usiseme hivyo."

"Nasema. Kwangu kila chupa ilikuwa dawa. Nilikuwa na macho, sikuona haja ya kuipa jina."

Bi Kucha aliishika brashi tena, akaipapasa ncha. Ilikuwa imegawanyika mara mbili, kama ulimi wa nyoka.

"Itarudi?" Kiherehere aliuliza.

"Itafanya kazi ndogondogo. Kupaka vumbi la kumetameta, basi. Kurudi, hapana."

Jioni ile dada aliandika karatasi mbili kwa herufi kubwa, akazibandika kwenye chupa. MAJI YA UNGA. ASETONI, SI YA BRASHI. Neno dawa walimwachia mama na vidonge vyake. Dada akanunua brashi nyingine. Tangu hapo, mteja akiondoka, huichovya kwenye maji ya unga, huifuta kwa kitambaa, huikusanya ncha, kisha huilaza ndani ya boksi lenye kifuniko, mbali na jua na vumbi. Miezi imepita, na ncha ya brashi ile bado ni kali. Wateja husema kucha hazijawahi kutoka laini namna hii. Dada hujibu asante, basi.

Ile ya Bi Kucha alipewa Kiherehere ajifunzie. Hujaribu kwenye vidole vya plastiki. Siku moja aliunda kucha nzima, lakini mstari wa karibu na ngozi ukatoka mnene, umepinda.

"Nimekosea wapi, dada?"

Dada alikichukua kidole cha plastiki, akakisogeza dirishani. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Hujakosea," alisema. "Ni brashi."

Kiherehere aliichovya, akaifuta, akaikusanya ncha kwa kitambaa, taratibu, kama alivyofundishwa. Akailaza kwenye boksi kando ya ile mpya. Walipoitazama, ncha ilikuwa inafunguka tena, polepole. Dada akafunika boksi.