Kwangu Haifunguki

Walikutana kwenye lifti, na lifti yenyewe ilikuwa imejaa hadi mlango unagoma kufunga. Asubuhi jengo lile la ghorofa huwa kama sokoni: wagonjwa wa maabara, mawakili na majalada yao, wapeleka vifurushi, kila mtu na haraka zake. Dada mmoja alivaa gauni la zambarau na mtandio mweupe. Kijana aliyebanwa nyuma yake alikuwa na begi lililotokeza nyaya kila upande. Lifti ilipofika juu, mtandio ukabaki umenaswa kwenye begi.

"Kaka, unaniibia mchana kweupe!"

"Samahani dada. Begi langu lina macho, limechagua lenyewe."

Alicheka kabla hajajizuia, na mambo yakaanzia hapo. Kijana alikuwa fundi mpya wa kompyuta wa maabara ileile ambako dada yule alikaa mapokezi. Wenzake walimwita dada huyo Kamera, kwa kuwa hakuna kilichompita: nani kabadilisha marashi, nani kapunguza salamu. Fundi alipoonywa juu ya jina hilo alisema yeye anapenda kupigwa picha. Wakapendana, wakaahidiana, na sasa wazee wa Fundi walikuwa waje kwa kina Kamera Jumamosi kuleta posa.

Wiki hiyohiyo mashine ikaingilia kati. Kompyuta za maabara ile ni za kuingilia tu. Kazi yote hufanyika ndani ya mashine kubwa moja, seva, iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi. Ilipoletwa seva mpya, Kamera akifungua ukurasa wa hospitali kuu ili achukue majibu ya vipimo, kivinjari kinamjibu kwamba umezuiwa kwa sababu za usalama. Akienda kwenye mipangilio ailegeze, vitufe vimepauka, havibonyezeki. Na wagonjwa wanamfokea yeye, si seva.

"Laazizi, haifunguki," alimpigia Fundi.

"Nimeshaishughulikia, mpenzi. Nimejaribu sasa hivi huku juu, inafunguka."

"Kwangu haifunguki."

"Zima, uwashe."

Alizima, akawasha. Wapi! Alipopiga tena akasikia kicheko cha mwanamke karibu na simu, kicheko kirefu cha mtu aliyekaa raha mustarehe.

"Uko wapi wewe?"

"Kwa Meneja. Nitakupigia."

Hakupiga. Kesho yake alisema iko sawa, na kesho kutwa vilevile. Ndipo Kamera alipopanda ghorofani na jalada tupu mkononi, kisingizio tu. Meneja alikuwa mgeni kazini, mwanamke wa suti ya kijani iliyomkaa hasa, na marashi yanayotangulia kuingia chumbani. Kwenye kioo cha kompyuta yake ukurasa wa hospitali ulikuwa wazi kabisa.

"Kwako imefunguka?"

"Tangu Jumatatu, mdogo wangu. Fundi alikaa hapa mpaka ikakubali. Kijana mstaarabu yule!"

Kamera akatoka bila kuaga. Kwa Meneja anakaa, kwangu ananiambia zima uwashe! Pale pale kwenye ngazi akamwandikia Fundi ujumbe: "Wazee wako wasije." Simu ikaita papo hapo, hakuipokea. Akampigia shangazi yake, ndiye aliyemlea.

"Nimemfumania, shangazi."

"Na nani?"

"Meneja wetu. Kamfungulia ukurasa, mimi kaniacha nimefungiwa."

"Mwanangu, mimi nimewahi kufumania viatu mlangoni. Ukurasa ndiyo kwanza nausikia. Na yeye ameiona hiyo inayokukatalia wewe?"

"Hajashuka hata mara moja. Anasema tu kwake inafunguka."

"Basi fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwite ashuke, aone. Akishaona, kama ni wa kuachwa, tutamwacha wote wawili."

Fundi alishuka bila kuitwa, shati limechomoka, anahema. Mapokezi palijaa watu, hakuwajali.

"Wasije kwa nini?"

"Kamuulize Meneja."

"Meneja kafanyaje? Ni huo ukurasa? Mara ngapi nimekwambia unafunguka! Hebu nipishe."

Akaketi kwenye kiti cha Kamera, akaanza kuandika jina lake la kuingilia. Kamera akamshika mkono.

"Siyo kwa jina lako. Ingia kwa langu."

Akamwandikia nenosiri mwenyewe. Fundi akafungua ukurasa: umezuiwa. Akaenda kwenye mipangilio: imepauka. Akabonyeza tena, polepole, kisha akaacha. Uso ulimshuka.

"Ule ulinzi una swichi mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Moja ya wasimamizi wa seva, nyingine ya watumiaji wa kawaida. Nilizima ya wasimamizi tu. Na mimi ni msimamizi, kwa hiyo kila nikijaribu kwa jina langu..."

"Na Meneja?"

"Siku aliyoripoti kazini nilimpa usimamizi. Alikuwa na haraka, nikaona ndiyo njia fupi."

"Kwa hiyo wa kawaida ni mimi."

"Kwenye seva tu, kipenzi."

"Usinichekeshe." Machozi yalikuwa yameshamfika. "Wivu ninao, sikatai. Ila kilichoniuma zaidi si Meneja. Nimekwambia haifunguki, nikarudia, na wewe unanijibu inafunguka. Umeiamini mashine, mimi hukuniamini."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri majibu ya damu akakohoa. "Baba, omba radhi bwana, na sisi tuhudumiwe."

Akaomba radhi mbele ya wote. Kisha akaenda chumba cha baridi, akarudi, na ukurasa ukafunguka kwenye meza ya Kamera. Majibu ya yule mama yakatoka ya kwanza.

"Ulinzi wa huku sikuuzima," Fundi alieleza. "Seva ya watu wote haiachwi wazi. Nimeuweka ukurasa wa hospitali kati ya zile zinazoaminika, basi." "Jumamosi je?"

Kamera alijifuta macho kwa mtandio. "Meneja alikuwa anacheka nini siku ile?"

"Nilikuwa namwomba ruhusa ya Jumamosi. Alisema natetemeka kama nimeiba."

Moyo ukamlegea Kamera.

"Waje," alisema. "Lakini siku nikikwambia kwangu haifunguki, usiniambie kwako inafunguka. Njoo ukae hapa."

"Nitakuja."

"Na huyo Meneja mwondolee usimamizi."

"Kwa nini tena?"

"Ya kikazi tu. Seva ya watu wote haiachwi wazi."

Fundi akapanda ngazi kwenda kumwondolea. Kamera akamwachia mwenzake meza, akapanda nyuma yake kuhakikisha.