Uzi wa Bibi Machi kwenye Mkono wa Kalina

Wanangu, nawategea: nguo yangu nilizaliwa nayo, siivui hata nikioga. Msiharakishe. Jibu mtalikuta njiani.

Nevena aliishi katika mji wa Vidin, kando ya mto Danubi, katika ghorofa ambalo nusu ya madirisha yake hayakuwa na taa. Majirani walikuwa wamekwenda nchi za nje kutafuta kazi. Stoyan, mumewe, alikuwa Hispania akichuma nyanya. Jioni Nevena alipika supu ya maharage ya watu watatu, kwa mazoea. Walikula wawili, yeye na binti yake Kalina, wa miaka miwili.

Kalina alikuwa na ukurutu, ule ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Ngozi ilimkauka, ikapasuka, ikamwasha. Daktari alimpa mafuta mazito ya kupaka, na dawa ya kupunguza wekundu. Lakini Nevena alikuwa na hofu moja: watu wasije wakasema mtoto wake ni mchafu. Kila asubuhi alimsugua kwa maji ya moto na sabuni ya manukato. Kisha akamvika sweta la sufu lenye mikono mirefu, kuificha ngozi.

"Mtoto hajambo?" Penka, mlezi wa kituo cha watoto, aliuliza mlangoni.

"Hajambo," alijibu Nevena, huyo, akaenda zake kazini kwenye duka la mikate.

Ikafika siku ya kwanza ya Machi. Penka akawafunga watoto wote uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, kama ilivyo desturi ya kumpokea Bibi Machi, yule bibi wa hadithi anayefukuza baridi.

"Leteni mikono! Bibi Machi akikuta mkono mtupu hununa. Akinuna, theluji inarudi!"

Uzi huo haufunguliwi mpaka mtu aone ndege korongo amerudi, au mti uliochanua. Jioni Nevena aliuona, akashika mkasi. Akauweka tena mezani. Nani akate bahati ya mtoto wake mwenyewe?

Kila Kalina aliponawa mikono, uzi ulilowa ukamkwaruza. Kabla wiki haijaisha, kifundo cha mkono kilikuwa chekundu na kinatoa maji.

Siku moja Nevena alifika kumchukua. Watoto walikuwa wameshikana mikono, wanacheza mduara. Kalina alikuwa peke yake kwenye benchi, karibu na hita. Amenyoosha mkono, na hakuna wa kuushika.

Mama mmoja akaita kutoka mlangoni, "Tsanka, usimshike yule! Ana upele!"

Penka akainamisha macho. "Mama Kalina, samahani. Wazazi wamelalamika, ndiyo maana nimemkalisha pembeni."

"Basi kesho simleti," alisema Nevena. Alijua maana yake. Kazi ingempotea, nao wangebaki wawili kwenye lile ghorofa la madirisha meusi.

"Usipomleta, utampeleka wapi? Kwa Bibi Machi?" Alikuwa Zdravka, muuguzi wa kituo. Alipiga magoti, akaushika mkono wa Kalina mbele ya watu wote. "Huu si upele, jamani. Ni ukurutu, nao hauambukizi. Ningekuwa mwoga wa ngozi, ningekaa kwangu niuze maboga! Mbona hukutuambia, mwanangu?"

"Niliona aibu," alisema Nevena.

"Na sisi tuliuona mkono, hatukuuliza. Aliyeumia ni mtoto."

Akachukua mkasi, akaukata uzi.

"Korongo bado!" Penka alishtuka.

"Bibi Machi ni bibi. Bibi gani anataka mjukuu wake ajikune mpaka damu?" Akaushona ule uzi kwenye koti la Kalina. "Hapa Bibi atauona vizuri zaidi."

Kisha akamgeukia Nevena. "Ngozi ni nguo isiyo na ya kubadilisha. Usiifue kama zulia. Maji yawe vuguvugu, sabuni ya manukato iache. Mkaushe kwa kugusagusa tu, umpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Ndani avae pamba, sufu isimguse. Kucha ziwe fupi. Leta kopo lake la mafuta hapa, lenye jina. Penka atampaka kila akinawa, na kabla ya kulala. Kitanda tutakiweka mbali na hita."

"Na ile dawa ya kupunguza wekundu?"

"Hiyo ni kama alivyokuelekeza daktari, usizidishe. Kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, mkimbize kwake."

Penka akachota mafuta kidogo kwenye kopo la Zdravka. "Hivi?"

"Polepole! Unapapasa kifaranga, hukwangui sufuria."

Zdravka akatoka kwenda kumweleza mama yake Tsanka.

Mwezi ulipoelekea mwisho, ngozi ya Kalina ilikuwa imefunga. Mplamu wa uani ukachanua. Watoto wakatundika nyuzi zao matawini, wakaanza mduara. Nevena alisimama kwenye uzio. Alimpigia Stoyan simu ili naye asikie. Simu iliita tu, haikupokelewa.

Kalina alisimama nje ya mduara. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha, kama mtu aliyezoea kunyimwa.

Tsanka akamtazama mama yake pale kwenye uzio. Mama akaitikia kwa kichwa. Tsanka akaunyakua ule mkono, ukamponyoka.

"Unateleza!" alipiga kelele, akicheka.

"Ni mafuta hayo," alisema Penka. "Kaza!"

Tsanka akakaza.