Ukuta wa Restituta

Stendi ya Mbinga ilijaa magunia ya kahawa na watu waliojifunika mpaka masikio, maana Julai ya huko haina masihara. Mmoja tu alikuwa na shati la mikono mifupi. Alisimama kando ya basi lililotoka Songea akitetemeka, amekumbatia kitu kilichovishwa sweta jekundu.

"Kaka, huyo mtoto hana shida ya baridi," Restituta alimwambia. "Mwenye shida ni baba yake."

"Si mtoto, ni seva ya shule." Meno yalikuwa yakimgongana. "Naitwa Hyasinti, nafundisha Mbamba Bay. Mimi nikiugua nitapona. Hii ikiugua sijui hata nimpigie nani."

"Utanipigia mimi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuiwekea programu."

Restituta alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa akichapa mitihani haraka kuliko wenzake, na mkuu wa shule akauona huo kuwa utaalamu wa kompyuta. Shule zao mbili, yake ya Mbinga na ya Hyasinti huko ziwani, zilipewa mashine moja ili wanafunzi wa kote wasome mitihani ya zamani bila kununua bando. Ikawekwa Mbamba Bay, kwenye chumba chenye umeme wa jua. Yeye aliiingia kupitia mtandao akiwa Mbinga, na Hyasinti akakaa ziwani kuangalia taa zake.

Kazi yenyewe ilimtoa jasho. Skrini nyeusi, hakuna picha wala pa kubofya, ila maneno tu, na ukikosea nukta moja unarudi mwanzo. Wiki sita simu haikumtoka sikioni, Hyasinti akiwa upande wa pili, na humo humo mapenzi yakaota.

"Inaniuliza tena, ndiyo au hapana. Nifanyeje, mpenzi?"

"Kubali, mama. Hujawahi kunikatalia mimi, sembuse mashine."

"Wewe hujaniuliza kitu bado."

Alhamisi Hyasinti akamuuliza. Alitaka kumtuma mjomba wake nyumbani kwa wazazi wa Restituta, Mapera, akamposee. Moyo wa Restituta uliruka kwa furaha, kisha ukaingia woga, na mdomo ukajibu kabla ya moyo: "Subiri kwanza mashine ikae sawa."

"Kwa hiyo mimi nipo nyuma ya mashine," Hyasinti alisema, akakata simu.

Tangu hapo wakawa wanaandikiana mambo ya kazi tu. Ijumaa jioni Restituta alimwandikia: "Programu imekaa. Umebaki ukuta tu." Ukuta huo ni ulinzi wa mashine, unaozuia wageni wasiingie kupitia mtandao.

Jumamosi asubuhi Restituta alivaa gauni lake la bluu la kanisani, lile linalompa ujasiri, akaketi ofisini na daftari lake. Akaandika amri ya kuujenga ukuta, akabonyeza. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, kimya. Akajaribu kuingia upya, mashine haikumjibu kabisa. Alipompigia Hyasinti, simu haikupatikana.

Hapo ndipo alipoamini kwamba mwanamume kachomoa waya kwa hasira. Akamwandikia: "Umenikata. Basi na mimi nimekukata. Usimtume mtu kwetu." Akautuma, akalia, akapanda basi la Mbamba Bay akiwa na gauni lake la kanisani.

Mwalimu Tadea, mtunza ufunguo wa chumba cha mashine, alishangaa kumwona.

"Hyasinti hayupo, mwalimu. Ameondoka alfajiri na mjomba wake Ignatio. Kavaa suti, mtu wa joto hili. Chumba hakijafunguliwa tangu jana."

Restituta aliingia na joto la ziwa likimchoma mgongoni. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, taa zote za kijani, nyaya zote mahali pake. Aliketi mbele ya kibodi, akaagiza orodha ya amri zilizopita. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Akakumbuka kwamba baada ya amri ile mashine ilimwonya: hii inaweza kukata mawasiliano yaliyopo, uendelee? Naye alikuwa amekubali bila kusoma, kwa kuwa wiki sita zote jibu lilikuwa ndiyo. Alijenga ukuta akasahau kuacha mlango wa kupitia mwenyewe, akajifungia nje. Hyasinti hakugusa kitu.

Simu ikalia.

"Nimefika penye mtandao, nimeona ujumbe wako." Alikuwa Hyasinti. "Niko dukani karibu na parokia, Mapera. Mjomba yuko ndani kwenu tayari, na hana simu. Mimi mwoaji siruhusiwi kukanyaga uani. Niambie tu, Resti. Nitume mtu akamtoe?"

"Kwa nini hukuniambia unakwenda?"

"Ulisema mashine ikikaa sawa. Jana ukaniandikia imekaa."

Restituta alifunika uso. "Nisamehe. Ni mimi niliyejikata, nikakusingizia wewe. Nimeona kwa macho yangu. Niko hapa kwenye mashine yako, nina aibu mpaka—"

Laini ikakatika. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Alitembea chumba kizima akiwaza kwamba huenda neno la msamaha halikufika, kwamba sasa hivi mzee wa watu anaitwa atoke, na posa ikitolewa nje kwa namna hiyo hairudi tena katika nyumba ile. Simu ilipolia aliidaka kwa mikono miwili. Alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna mzee hapa, anaitwa Ignatio, anasema katumwa na watu wa ziwani. Mama yako yuko jikoni, anauliza awashe moto wa kumpikia mgeni wa posa au asiwashe."

"Kuna mtu amekuja kumwita?"

"Bado. Nakuuliza wewe."

"Awashe, baba." Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. "Na aliyemtuma yuko dukani pale parokia, hajala tangu alfajiri. Mwiteni aingie."

"Mwoaji? Tangu lini akaitwa ndani siku ya kwanza?"

"Nimemkosea, baba. Asipoingia leo, haji tena."

Restituta akamsikia baba yake akigeukia jikoni aliko mama. "Gertruda," alisema, "ongeza maji ya ugali."