Chumba Kinachokunywa Vilio

Mtoto wa kwanza kunyamaza alikuwa Anjali, binti wa Hemwattie. Aliteleza kwenye ngazi ya chumba kipya cha watoto, kidevu kikapasuka kwenye ukingo wa mbao, damu ikamwagika hadi kwenye gauni la shule. Akainuka, akajipangusa kwa kiganja, akakitazama kiganja, kisha akaendelea kushuka kama mtu anayewahi chakula.

"Huumii?" mama yake alimuuliza huku akikibana kidevu kwa kitambaa.

"Naumia," Anjali alisema. Na hakulia.

Hemwattie alikuwa msaidizi katika maktaba ya mkoa pale Rustveld, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo karibu na Mto Berbice. Mkuu wake alikuwa Bi Waveney Adonis. Kila Jumamosi Bi Waveney alisimama barazani na kipaza sauti, akatangaza habari za maktaba: nani kashinda shindano la tahajia, mashua ya vitabu itapanda mto lini, akina mama wa ushonaji wakutane saa ngapi. Wauzaji wa soko la jirani walipunguza kelele ili wamsikie, kwa sababu alijua kutia utani. "Na Bwana Persaud, kile kitabu cha mapenzi ulichomwazimia mkeo, mkeo anauliza atakiona lini."

Utani ulikoma msimu wa mvua uliopita, maji yalipomsomba mwanawe wa pekee, Delon, kwenye lango la mfereji. Maji yalipokupwa, ni yeye mwenyewe aliyemwona topeni. Tangu hapo habari zilisomwa bila mzaha, na mara nyingi Hemwattie alimkuta kachuchumaa nyuma ya rafu za vitabu vya sheria, ambako hakuna mtu aliyekwenda, kajifunika uso kwa sketi yake.

Chumba kipya kilijengwa nyuma, mahali palipokuwa na msufi mkubwa. Wazee walikuwa wamekataa usikatwe. Chini yake, walisema, kalala Mholanzi, bwana shamba wa enzi za utumwa, na ardhi yake haichezewi. Mkandarasi kutoka mjini aliwasikiliza kwa adabu, akaukata. Siku ya ufunguzi kulikuwa na keki na ngoma na hotuba ndefu. Bi Waveney aliingia mle kupanga viti, akatoka macho makavu. Kesho yake akahamishia meza yake mle ndani.

"Kuna nini huko?" Hemwattie alimuuliza.

"Kuna upepo mzuri."

Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na harufu ya tumbaku ya kiko, na chini yake harufu ya udongo uliofunuliwa baada ya kufunikwa muda mrefu. Na wasomaji wakikaa kimya, sauti ilisikika nyuma ya mbao za ukuta, ya mtu avutaye pumzi ndani. Alivuta, akavuta, akavuta, na ukisubiri aitoe, hakuitoa.

Watu walikipenda chumba hicho. Mjomba Boodhoo, aliyefiwa na mkewe Sumintra, alianza kwenda kusoma gazeti mle, na jirani zake wakashukuru, maana mzee yule alikuwa akiwaamsha kwa kilio. Akina mama wenye watoto wachanga wakagundua kwamba mtoto akilia, ukiingia naye mle ananyamaza. Hemwattie naye aliingia siku moja baada ya kugombana na mumewe, akatoka bila kukumbuka waligombania nini, na wala hakuona sababu ya kukumbuka.

Kisha Mjomba Boodhoo akaletwa maktaba na mpwa wake, kiganja kimefungwa matambara. Alikuwa ameegemea jiko la moto akiwaza mambo yake, na aliyemwondoa ni jirani aliyesikia harufu.

"Mjomba, kwa nini hukuondoa mkono?" Hemwattie alimnong'oneza.

Mzee alifikiri. "Niliona unaungua," alisema. "Nikaona basi."

Hata hapo Hemwattie hakushtuka vya kutosha. Alikumbuka baadaye kwamba alimjibu, "Haya, gazeti liko mezani."

Siku ya tamasha la usomaji walikuja watoto wa shule za kando ya mto, mashua mbili zilizojaa, na chumba kikafurika. Bi Waveney aliwasomea hadithi ya paka na mbwa wawili, ambayo kila mwaka iliwavunja mbavu, na watoto wakamkodolea macho, hakuna aliyecheka. Hemwattie alikuwa mlangoni na muhuri wake. Akamwona Anjali, kakaa mbele, mguu mmoja juu ya ubao uliochomoza msumari, na msumari umetoboa kiatu na kuingia unyayoni, na damu inapita katikati ya mbao ikidondoka chini, na mtoto anasikiliza hadithi. Hemwattie aliiona damu. Alijua ni ya nani. Akasimama akijiambia kwamba mama aonapo kitu kama kile hukimbia, akaingoja miguu yake ikimbie, nayo haikukimbia, na ukutani pumzi ikavutwa ndefu kuliko siku zote, tamu, kama ya mnywaji aliyeinamia bakuli, na yeye akageuka, akagonga muhuri kwenye kitabu kilichofuata, na kilichofuata tena, mpaka hadithi ikaisha.

Alipofika nyumbani, ng'ambo ya mfereji, akiwa anamenya mihogo ya jioni, aliikumbuka ile damu, akatupa kisu. Akamvua Anjali kiatu, akaliona tundu. Alitapikia hapo hapo kizingitini.

Mama Ismay aliuza samaki sokoni, na watu waliopandwa na pepo walipelekwa kwake. Alimsikiliza Hemwattie bila kuacha kuparua magamba.

"Umesema anavuta tu, hatoi?"

"Hatoi, mama."

"Ni huyo wa msufini." Mama Ismay alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Bibi yangu alinisimulia. Mholanzi huyo alipokufa hakuna aliyemlilia, hata mke wake. Watu wake aliowafunga minyororo walisimama kaburini macho makavu. Basi amekaa chini na kiu hiyo. Anakusanya vilio vya wengine. Kwanza anachukua machozi. Halafu anachukua kile kinachoyaleta."

Walikutana Jumapili mchana, maktaba imefungwa: Mama Ismay, Bi Waveney, Mjomba Boodhoo, Hemwattie na mwanawe. Bi Waveney alifungua mlango kwa ufunguo wake. Mama Ismay akang'oa ubao mmoja wa sakafu, akamimina pombe kali kwenye giza lililokuwa chini, akachora duara kwa chaki nyeupe.

"Kila mtu atamwita maiti wake kwa jina," alisema taratibu. "Umwite, kisha udai kilio chako. Watoto na wengine wasiokuwepo nitawadaia mimi. Lakini asibaki nacho hata kimoja. Akibaki na kimoja, atakaa."

"Na akiondoka, changu kitanirudia?" Bi Waveney aliuliza.

"Chote."

"Kama kilivyokuwa?"

Mama Ismay aliweka chaki chini. "Kama kilivyokuwa, mwanangu. Na kilichojilimbikiza juu yake."

Bi Waveney akaitikia kwa kichwa.

Mzee Boodhoo alianza. "Sumintra," alisema, kama mtu anayemwita mkewe kutoka jikoni. "Sumintra, nipe kilio changu." Kisha chini ya mbao kikaanza kilio cha mzee, sauti yake yeye mwenyewe, naye midomo kaifunga, kikapanda kutoka udongoni hadi miguuni mwake na kifuani na kooni, akafungua kinywa kikatoka, akaanguka magoti akikikumbatia kiganja chake kilichoungua, na nyuma yake vikafuata vilio vya watoto wachanga, vilio vya watoto wa mtoni, cha Anjali kikali kama filimbi, naye Anjali akaushika mguu wake na kupiga ukelele uliomfanya Hemwattie alie kwa furaha na kwa uchungu pamoja, na bado vikaendelea kutoka, vya watu wasiojulikana, vya lugha ambazo hakuna mle ndani aliyezielewa, vya waliolima shamba lile wakiwa minyororoni, vikipita katikati ya mbao na kutokea madirishani kuelekea mtoni, mpaka vitabu vikatetemeka rafuni na Mama Ismay akawa anadai kwa sauti iliyokauka, "Na hicho. Na hicho. Toa."

Katikati ya hayo Hemwattie alimtazama Bi Waveney. Alikuwa amesimama wima ndani ya duara, midomo ikitembea. Hemwattie alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Hakusema Delon. Alisema Adina.

Adina alikuwa mama yake, bibi aliyekufa usingizini akiwa mzee sana, akaliliwa siku nyingi mpaka kilio chake kikaisha. Chozi moja dogo likateremka shavuni kwa Bi Waveney, akalipangusa.

"Kimekurudia?" Mama Ismay aliuliza.

"Kimerudi," Bi Waveney alisema.

Mji ulijaa kelele tena. Mjomba Boodhoo alilia siku nyingi, kisha akaomba apikiwe dengu. Anjali alipiga mayowe akichanwa nywele, na mama yake akamchana polepole ili ayasikie. Chumba kikafungwa mpaka Mama Ismay atakaporidhika.

Hemwattie hakumwambia mtu alichokisikia. Kila alipofungua mdomo alimwona mwanamke yule kachuchumaa nyuma ya rafu, akaufunga. Ilipofika kumbukumbu ya mwaka ya Delon, Bi Waveney alisimama kanisani akasimulia jinsi alivyomkuta mwanawe topeni, kiatu kimoja mguuni, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Watu wakasema ni mwanamke shujaa.

Jumamosi iliyofuata Hemwattie alikuwa akipanga viti asubuhi alipomsikia mwanamke akilia ndani ya chumba kilichofungwa. Hakulia kwa sauti kubwa. Alilia kama mtu aliyelia muda mrefu na anajua ataendelea. "Delon," sauti ilisema. "Delon wangu."

Alipogeuka, Bi Waveney alikuwa nyuma yake, kipaza sauti mkononi.

"Unasikia, dada?" Hemwattie alinong'ona.

"Nasikia."

"Ni wewe."

"Najua ni mimi."

"Twende kwa Mama Ismay. Leo hii. Ukamdai tena."

"Mwache alie, Hemwattie," Bi Waveney alisema, kwa upole kabisa. "Lazima awepo wa kumlilia mwanangu, na mimi siwezi tena kurudi kwenye uchungu ule."

Akatoa ufunguo mfukoni, akakifungua kile chumba, akausukuma mlango ukutani na kuuwekea kigogo usijifunge. Kisha akatoka barazani. Sokoni watu walipunguza kelele.

"Habari za maktaba," alisema. "Mashua ya vitabu itapanda mto Jumanne. Akina mama wa ushonaji, mkutano wenu uko palepale. Na kuanzia leo chumba cha watoto kiko wazi tena. Waleteni wote, hata wachanga."

Hemwattie alitaka kukimbia barazani akampokonye kile kipaza sauti. Alipiga hatua. Harufu ya tumbaku ikampita usoni, na alipofika mlangoni, akiwaona akina mama wa kwanza wanapanda ngazi na watoto wao mgongoni, hakuweza tena kukumbuka vizuri alichokuwa akikiogopa. Akawasogezea viti.