Nguo za Sandukuni na Arubaini ya Mundhir

Tangu mama ajifungue, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa moja: kumwimbia mdogo wangu Mundhir mpaka anyamaze, kisha niende skuli. Tulikuwa tumehamia kwa bibi, mtaa wa Mlandege, maana kwetu mwanamke akizaa hurudi kwa mama yake alelewe siku arubaini. Na bibi yangu, Bi Sumaiya, kulea anajua! Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku, jioni kukandwa kwa maji ya moto. Mama alinenepa, Mundhir akanenepa, na mimi niliyekuwa nikimaliza masalio nikawapita wote wawili.

Siku ya thelathini na tatu bibi alifungua sanduku lake la mbao lenye misumari ya shaba. Ndani mlikuwa na blanketi na nguo alizovishwa mama na ndugu zake walipokuwa wachanga. Katikati ya nguo kulijaa vidonge vyeupe vya nafthalini, dawa ya kuzuia nondo wasizitoboe. Lo, harufu yake! Tulipiga chafya kwa zamu.

"Rawiya!" bibi aliita.

"Naam, bibi."

"Chukua nguo hizi uzifue vyema, kisha uzianike juani siku tatu. Tatu, umenisikia? Si mbili na nusu."

"Nshasikia, bibi."

Kusikia nilisikia. Lakini mlangoni alikuwa amesimama rafiki yangu Amne, na mchezo wa nage, wa kukwepa mpira, ulikuwa umepamba moto. Nikazichovya nguo majini mara moja, nikazianika mpaka zikakauka, nikazianua. Bado zilinuka. Basi nikawasha chetezo, nikazifukiza udi, nikazificha kabatini siku tatu nzima nikicheza nage. Bibi alipozinusa alisema, "Mashaallah, mjukuu wangu una mkono wa kazi." Nikajiona mjanja kupita kiasi.

Mundhir alivishwa nguo zile na kufunikwa blanketi lile siku mbili, usiku na mchana. Asubuhi ya tatu hakulia. Nilimwimbia, hakunitazama. Macho yake yalikuwa manjano kama binzari, na mkojo kwenye nepi ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Hili ni jicho la husuda," bibi alisema. "Asomewe kwanza."

"Msomee njiani, mama," mama alijibu, tayari kavaa buibui. "Mimi nnakwenda hospitali."

Hospitalini alitupokea Daktari Riyama, mwanamke mchangamfu mwenye sauti nyembamba. Alimwamkia bibi, "Shikamoo, Bi," akaitikiwa "Marahaba," kisha akaanza kuuliza. Mtoto kapewa dawa gani? Mama kala nini? Kuna kitu chochote kipya nyumbani?

"Nguo tu," bibi alisema. "Zilikaa kwenye nafthalini, lakini zimefuliwa na kuanikwa siku tatu. Muulize huyu."

Wote wakanigeukia. Nikisema, bibi atanikasirikia mbele ya watu. Nikinyamaza, daktari atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na Mundhir wangu alikuwa amelegea mikononi mwa mama.

"Sikuzianika," nilisema huku nikilia. "Nilizichovya tu. Kisha nikazifukiza udi ili zisinuke. Nisameheni!"

Badala ya kunigombeza, daktari aliinuka mbio. "Mvueni nguo zote, na blanketi lile liondoke!" Akaagiza Mundhir apimwe damu. Kabla ya adhuhuri aliongezwa damu, akalazwa chini ya taa ya buluu ya kuondoa umanjano, na sisi tukabaki tukiomba dua.

Siku ya pili alilia. Jamani, sijapata kusikia kilio kitamu kama kile!

Daktari Riyama alituita kutueleza. "Kila mtu huzaliwa na jeni. Hayo ni maelekezo madogo ya kuujenga mwili, mengine hutoka kwa baba, mengine kwa mama. Ndiyo yaliyompa Rawiya pua ya bibi yake." Wote wakaitazama pua yangu. "Mundhir karithi jeni yenye kasoro. Mwili wake hauna kinga ya kutosha ya kulinda chembe nyekundu za damu. Hali hiyo huitwa upungufu wa G6PD. Siku zote ataishi vizuri tu, lakini nafthalini na dawa fulani zikimfikia, chembe hizo hupasuka."

"Mbona mama haugui?" niliuliza.

"Mwanamke ana jeni hiyo mara mbili. Moja ikiwa mbovu, nyingine humsaidia. Mwanamume anayo moja tu, na huipata kwa mama yake."

Mama akajifuta machozi. "Kumbe ni mimi niliyemdhuru?"

"Wewe uliichagua? Hata kidogo! Alichorithi mtu hakina lawama."

Bibi akajipiga kifuani. "Saud! Mwanangu Saud alipokuwa mchanga macho yalimgeuka vivi hivi, tukasema jicho. Na ukubwani alipewa vidonge, mkojo ukawa mweusi. Nikamwambia asimwambie mtu, nikaona aibu."

"Ungetuambia Mundhir alipozaliwa, Bi Sumaiya, tungempima mapema."

Mimi na bibi tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja. Nikaanza kucheka, naye akacheka.

Sherehe ya arubaini tuliifanya siku ya arubaini na nane. Wageni walijaa hadi ngazini, na mjomba Saud, aliyekwisha kupimwa, alimbeba Mundhir kifua mbele. Kabla biriani haijapakuliwa bibi alisimama, akanishika bega.

"Mtoto huyu alifanya uvivu na udanganyifu, na nusura tumkose mdogo wake," alisema. Nikatamani ardhi inimeze. "Lakini alisema kweli wakati ilipokuwa ngumu, na kweli ile ikamwongoza daktari. Mimi mtu mzima nilificha yangu miaka mingi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulizeni kwenu mmerithi nini, na mkamwambie daktari. Si aibu."

Kisha bibi mmoja aliyekuja kutoka kijiji cha Matemwe akanyoosha kidole taratibu.

"Bi Sumaiya," alisema, "mjukuu wangu naye alikuwa na macho ya manjano. Sijapata kumwambia mtu."

"Kaa hapa karibu yangu, ndugu yangu," bibi alimwambia. "Tueleze."