Paswedi ya Karani Asiyekuwepo

Jumatano, saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na nguo zilizobabuka kwa pasi. Mashine za kufulia zilinguruma nyuma ya ukuta, na ndiyo sababu Nanga alikipenda. Hata ukipiga kelele, walioko mbele wanasikia mashuka yakizunguka tu.

Watu watano. Meza moja. Hakuna aliyemgusa mwenzake kiwiko.

Nanga, bosi, alikaa akiutazama mlango. Kulia kwake alikaa kaka wa mkewe, ambaye kundi zima lilimwita Shemeji ingawa hakuwa shemeji wa mtu mwingine pale. Huyu alikuwa msimamizi wa kompyuta kwenye ghala la betri za sola, barabara ya viwandani. Mbele yao Sindano, mwanamke mwembamba aliyefukuzwa kazi ya kompyuta kwa kuchungulia yasiyomhusu. Pembeni yake mdogo wake, Breki, dereva. Sindano ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wa tano ni Tofali, mtu wa nguvu. Viti vilikuwepo, lakini Tofali alisimama nyuma ya Breki, na kila mtu aliona.

"Rudia," Nanga alisema.

Shemeji akarudia. Kesho karani wa muda anaanza kazi ofisi ya kutoa mizigo. Karani huyo hajazaliwa. "Lakini kwenye mtambo wetu wa kompyuta ukishakuwa na akaunti, upo. Hakuna atakayekuuliza ukoo wako."

Sindano anakaa kwenye kiti cha karani. Breki na Tofali wanaingia na lori. Sindano anaandika kibali, wapakiaji wanapakia, mlinzi wa geti anakiona kibali kwenye skrini yake, anainua chuma. Hakuna kufuli la kuvunja.

"Yaani wanatupakilia wenyewe," Breki akacheka. "Tuwapelekee na soda?"

Alicheka peke yake.

Majuma mawili nyuma polisi walimkamata Breki sokoni asubuhi, wakamwachia jioni. Bila dhamana. Bila kitu kidogo.

"Nilishawaambia, mahabusu ilijaa," Breki alisema, kicheko kimekauka. "Hawakuniuliza hata jina. Walinikalisha kwenye benchi, kisha wakasema nenda."

"Polisi wakukamate, wasikuulize kitu?" Nanga alimtazama. "Mahabusu gani hiyo inayojaa zamu yako?"

Nanga alikuwa na haki ya kuwaogopa polisi. Yeye na Tofali walikuwa na kesi ya zamani, ya mlinzi aliyekufa. Siku hizi Nanga alipita mbele ya kituo kifua mbele. Wakili mzuri, alisema. Tofali bado alihama nyumba kila juma.

Shemeji akafungua kompyuta. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Mtambo wa ghala ulitumia Unix, mfumo mkongwe wa kompyuta, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruti, ule ufunguo mkuu unaofungua kila kitu. Akaandika amri ya kuumba akaunti. Akaandika amri ya kuipa nywila, paswedi kama wenyewe wanavyoiita. Kisha vidole vikacheza, na kwenye skrini hakikutokea kitu.

Nanga akamdaka mkono. "Mbona sioni unachoandika?"

"Haionyeshi, shemeji. Hata nukta."

"Kitu kinachojificha mbele yangu sikipendi."

"Kinamkwepa anayechungulia nyuma yako."

Nanga akageuka upesi. Nyuma yake palikuwa na pasi tatu na kopo la wanga.

"Ni kweli," Sindano alisema. "Unaandika mara mbili, gizani. Zikilingana, inapokea."

Shemeji akamnong'oneza Nanga paswedi, kisha Sindano. "Tunaijua watatu tu." Akaandika amri nyingine. "Sasa nauambia mtambo kwamba paswedi hii imeshakwisha muda wake. Ni ya kufungulia mlango tu. Ukiingia mara ya kwanza, kabla hujagusa chochote, itakulazimisha uweke yako mwenyewe, ambayo hata mimi siijui. Ndivyo tunavyofanya kwa kila mfanyakazi mpya."

"Isiponiuliza?" Sindano alisema.

Shemeji akatabasamu. Alikuwa mtu anayependa kuulizwa mambo ya kazi yake. "Isipokuuliza, dada, toka mbio. Anaulizwa wa kwanza tu. Isipokuuliza, kuna mtu ameshakutangulia."

Tofali akaitikia kwa kichwa. Kompyuta hakuzijua, lakini hilo lilimwingia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nanga alisema akiinuka. "Na hapa ni kwa dobi. Kesho likiharibika lolote, Tofali anaanza na Breki. Maswali baadaye."

Breki akamtazama dada yake. Nanga naye akamtazama.

"Wewe unasemaje, Sindano? Anaweza kuwa yeye?"

Sindano alifikiria lile benchi la polisi. Polisi wasiouliza jina. Hilo lilimtafuna rohoni na hakuweza kulitema.

"Si yeye," alisema.

Lakini alikawia. Breki alisikia alivyokawia, akainamisha macho.

Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mkuu wa ofisi ya kutoa mizigo alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuinua uso. "Karani mpya? Kaa pale. Usiegemee, mguu mmoja wa kiti ni wa kubandika."

Sindano akakaa bila kuegemea. Kupitia dirishani aliliona lori uani, limerudi kinyumenyume mpaka kwenye jukwaa la kupakilia. Breki kwenye usukani. Tofali pembeni yake, koti limefunika mkono wa kulia. Chini ya koti palikuwa na bastola, na ilikuwa inaelekea mbavu za Breki. Sindano alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya mbao wakisubiri kibali.

Akaandika jina la akaunti. Akaandika paswedi, gizani. Akabonyeza.

Mtambo ukamfungulia.

Akasubiri swali. Halikuja. Kialama cha kuandikia kilikuwa kinapepesa, kinangoja amri, kimemkaribisha kama mwenyeji. Juu yake palikuwa na mstari mmoja mdogo: mara ya mwisho kuingia, jana, saa moja jioni.

Akausoma mara mbili.

Saa moja jioni jana hakuwa hapa. Breki hakuwahi kuambiwa paswedi. Aliyeingia jana aliulizwa, akalazimishwa kuweka mpya, na baada ya hapo ile ya zamani ilipaswa kukataa. Lakini haikukataa. Maana yake mtu aliirudisha, ili Sindano asishtuke. Mtambo haumkubalii mtumiaji kurudia paswedi ya zamani; wa kuirudisha ni mwenye ruti peke yake. Na kwa haraka zake alisahau kuuambia mtambo tena kwamba imekwisha muda.

Shemeji. Amemwonyesha mtu ile akaunti. Askari, bila shaka, anayetaka kuhakikisha mtego kabla ya kuutega.

Sindano akavuta pumzi. Leo Shemeji alikuwa amejitia mgonjwa, yuko ndani ya gari la Nanga ng'ambo ya barabara. Nanga hana habari kwamba amekaa na nyoka. Akapiga simu, sauti chini, kama anayeongea na mume.

"Haikuniuliza."

Akaugeuzia ukuta uso.

"Umenisikia? Nimeingia, na haikuniuliza."

Alitarajia tusi. Alitarajia kumsikia Shemeji akikabwa koo. Nanga ni mtu aliyegeuka kutazama kopo la wanga. Ni mtu aliyewahi kumkagua dobi soksi. Huyo angeuliza maswali kumi kwa pumzi moja.

"Endelea na kazi," Nanga alisema.

Na nyuma ya sauti yake ikakwaruza redio, ile ya askari, ya kuongea kwa zamu. Ikazimwa haraka. Simu ikakatika.

Sindano alibaki ameishika sikioni. Alisikia hasira kwanza, kisha woga, kisha kitu kibaya kuliko vyote viwili. Nanga hakuuliza kwa sababu alikuwa na majibu. Na wale polisi hawakumuuliza Breki kitu kwa sababu hiyo hiyo. Walipangwa na Nanga wamkalishe tu kwenye benchi, arudi akinuka usaliti. Hata yeye dada mtu aliinusa harufu hiyo, akaamini.

Akaiangalia skrini. Kibali hakijaandikwa. Hakuna kilichoibiwa bado.

"Mama, choo kiko wapi?"

"Kushoto. Maji hamna, chukua ndoo."

Saa nne kasorobo.

Alivuka ua bila kukimbia. Breki alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye kope. Tofali hakugeuza shingo.

"Kibali kiko wapi?" Tofali aliuliza.

"Haikuniuliza, Tofali."

Taratibu, Tofali akamtazama.

"Shemeji alisemaje jana?" Sindano alisema. "Isipouliza?"

"Kuna mtu ametangulia." Koti likasogea. Mdomo wa bastola ukazama ubavuni mwa Breki. "Basi ni huyu."

"Huyu paswedi hana! Tuliambiwa watatu."

"Wewe ulimwambia."

"Ningemwambia, angeingia, ingebadilika. Mimi leo ningekuta imefungwa. Imerudishwa, Tofali. Mwenye ufunguo wa kuirudisha ni Shemeji peke yake."

Tofali alitafuna maneno hayo. Alikuwa mzito wa kuelewa, lakini akishaelewa hasahau.

"Nanga ajue."

"Nimempigia."

"Akasema nini?"

"Endelea na kazi."

Breki alifumba macho. Uani mpakiaji mmoja aliuliza kwa sauti kama siku hizi wanalipwa kwa kukaa.

"Hakutukana?" Tofali aliuliza.

"Hakutukana. Na kuna redio ya askari ndani ya gari lake."

Tofali akautazama mkono wake mwenyewe chini ya koti. "Faili la Nanga la ile kesi ya mlinzi lilipotea polisi," alisema. "Nilimuuliza, langu je? Akasema wakili analishughulikia." Akameza mate. "Aliniambia kelele yoyote ikitokea, nimpige kijana risasi hapo hapo. Mtoa siri angekuwa maiti, na maiti haijitetei. Mimi ningekutwa nayo."

Koti likaondoka ubavuni mwa Breki.

"Shukeni," Tofali alisema. "Funguo ziacheni. Nendeni geti la watembea kwa miguu, msubiri mpaka mlinzi aondoke."

"Ataondokaje?" Breki aliuliza.

"Ataondoka."

Akateremka, akalitengeneza koti lake begani, akavuka ua na kupita geti kubwa kama mtu anayekwenda kununua sigara. Mlinzi alimsalimia. Tofali aliitikia.

Sindano na Breki walisimama karibu na geti dogo, wamejibanza nyuma ya rundo la mbao, kila mmoja akiutazama uso wa mwenzake. Ng'ambo ya barabara gari la Nanga lilikuwa kivulini, vioo juu.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo. Ya pili haikuvunja kitu. Halafu zikaja nyingi, za bunduki nyingine, kutoka kwenye duka la matairi, kutoka kwenye gari la maziwa, kutoka kila mahali walikojificha askari waliokuwa wakilisubiri lori. Mlinzi akatupa filimbi na kukimbilia huko huko kwenye kelele, kama watu wanavyofanya wasipofikiri. Shemeji alitoka garini kwa magoti, mikono juu, akipiga kelele kwamba yeye ni mtu wao, ni mtu wao. Nanga hakutoka. Tofali alikuwa amelala barabarani na koti lake limemfunika uso.

Ndugu wawili walipita geti dogo. Hawakukimbia.

Walipita ukuta wa kiwanda cha magodoro, wakapita gereji, wakaingia njia ya nyuma yenye nguo zilizoanikwa. Huko Breki ndipo alipozungumza.

"Dada."

"Tembea."

"Jana Nanga alipokuuliza kama ni mimi. Ulikawia."

Sindano angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo wa kutosha mdomoni.

"Nilikawia," alisema. "Nilidhani ni wewe. Usiku kucha nilidhani ni wewe."

Breki akatembea. Akaitia mikono mifukoni.

"Na ingekuwa mimi kweli?"

"Ningekuja vile vile kwenye lori."

Walifika kwenye barabara kubwa, magari yanapita kwa kasi, king'ora kinakaribia. Breki akatoa mkono mfukoni, akamshika mkono dada yake kama dada alivyokuwa akimshika yeye zamani wakienda shule. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvusha.