Cherehani Haitoki

Kila asubuhi mshonaji hufungua dirisha la sebule na kuwasha cherehani yake ya umeme. Sebule ni ndogo. Upande mmoja kuna cherehani na rundo la sare za shule. Upande wa pili kuna friji lililosukumwa hadi ukutani. Mama mkwe wake amelivalisha vitambaa vya kufuma, kimoja juu, kingine nyuma, mpaka linafanana na bibi harusi.

Siku hiyo cherehani ilinyamaza ghafla. Feni nayo ikasimama.

"Yuniti za umeme zimekwisha tena!" alifoka mume wake. Alikuwa ametoka zamu ya ulinzi, anataka kulala. "Juzi tu nimeingiza. Ni hii cherehani yako. Iuze!"

"Haitoki," mke alijibu.

"Umesemaje?"

"Haitoki. Hii ndiyo kazi yangu. Umeipima, au umesikia kelele tu?"

"Kitu chenye kelele hivyo hakiwezi kula kidogo."

Mama mkwe alicheka kutoka jikoni. "Ingekuwa hivyo, mwanangu, wewe unavyokoroma tungekuwa gizani kila siku."

Mke hakucheka. Alikwenda kwa jirani yao, fundi umeme ambaye mtaa mzima humwita Mama Waya. Mume alipokwisha kuingiza yuniti nyingine, Mama Waya alifika na kitu cheupe kinachotosha kiganjani.

"Hii ni plagi janja," alisema. "Unaichomeka ukutani, kisha unachomeka chombo chako juu yake. Inatuma habari kwenye simu kwa intaneti. Intaneti ya kwangu inafika hadi hapa. Simu itaonyesha chombo kinakula umeme kiasi gani. Ukitaka, unakizima kwa simu, au unakipangia saa ya kuzimika."

"Ichomeke kwenye cherehani, tumalize ubishi," mume alisema.

"Shemeji, tukipima kimoja tutalinganisha na nini? Leo cherehani, kesho friji."

"Na pasi yangu?" mke aliuliza.

"Pasi hapana. Soma namba hizi. Hizi zinaonyesha mzigo wa mwisho ambao plagi inaweza kubeba. Pasi yako imezidi. Ukilazimisha, plagi itaungua."

Kesho yake jioni walikusanyika kwenye simu. Friji lilikuwa limekula zaidi ya mara tatu ya cherehani.

"Simu hiyo imeharibika," mume alisema.

"Basi tupime tena," mke alimjibu. "Pima hata mwezi mzima. Mimi siogopi."

Wakapima tena. Jibu likawa lilelile.

"Tazameni mchoro huu," Mama Waya alisema. "Friji lisilo na kasoro huwaka, kisha hupumzika. Lenu halipumziki kabisa." Alilivuta, akapitisha mkono nyuma yake. "Shemeji, njoo uguse."

Mume aligusa, akarudisha mkono haraka. "Lo! Kama jiko!"

"Friji hutoa joto nje. Hili lenu limezibwa na ukuta na kitambaa. Joto halina pa kwenda, kwa hiyo friji linahangaika mchana na usiku. Na mpira wa mlango umelegea, baridi inavuja."

"Mimi nililivisha lisipate vumbi!" mama mkwe alilalamika.

"Vumbi tutalifuta, mama. Liache lipumue."

"Basi tulipangie saa za kuzimika," mume alisema.

"Friji usilizime, chakula kitaoza. Pangia televisheni, ile mnayoiacha inaongea peke yake."

Walivua vitambaa. Walilisogeza friji mbali kidogo na ukuta, wakabadilisha mpira wa mlango. Kisha wakapima mara nyingine. Sasa mchoro ulionyesha friji likiwaka na kupumzika. Yuniti zilidumu, na sare zote zilikwisha kushonwa kabla ya shule kufunguliwa.

"Haya, nimekosea," mume alisema jioni moja. "Cherehani ibaki."

"Haitabaki peke yake," mke alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Wateja wameongezeka. Jumatatu naleta ya pili."

"Ya pili? Itakaa wapi?"

"Hapo ulipoketi."

Mume alimtazama mama yake, akitafuta msaada. Mama alikuwa anamtazama mkwe wake na kutabasamu.

Mume akanyanyuka, akasogeza kiti.